Saba kwa Kumi: Historia Fupi ya Kuandika Tulichosoma

Kitabu nilikinunua Tom Mboya, kwa wale wauzaji wa vitabu vya mitumba tunaowaita inama, kwa sababu hakuna vile utachagua kitabu pale bila kuinama. Kilikuwa nakala ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, jalada limechoka, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Jamaa akanitajia soo mbili. Nilipofungua nyuma nikakuta ukurasa wa mwisho umejaa maandishi, nikamwonyesha nikidhani nimepata sababu ya kupunguziwa. Akacheka. "Sawa, leta soo na finje. Lakini hayo maandishi ndiyo ungenilipia zaidi."

Sikumwelewa hadi nilipokaa kwenye matatu. Ukurasa ule, pamoja na upande wa ndani wa jalada, ulikuwa na orodha ya vitabu 31, kwa kalamu ya buluu, mwandiko mdogo ulioinamia kulia. Kila kitabu kina mwezi na mwaka, kuanzia Januari 1995 hadi Machi 1997, na mbele yake alama juu ya kumi. My Life in Crime cha John Kiriamiti: 10, "nimesoma mara mbili wiki moja". Going Down River Road: 9, "huyu anajua mtaa". Mzimu wa Watu wa Kale: 8, "kiko cha Bwana Msa kimenichosha". Things Fall Apart: 6, "tulilazimishwa". Rosa Mistika: 7, na baada ya saba neno moja tu, "uchungu". Utengano chenyewe kilipata 7. Mwisho kabisa ni Siku Njema, Machi 1997, bila alama yoyote.

Hakuna jina la mwenyewe. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke, kama alikuwa mwanafunzi, karani au makanga. Lakini najua alivyosoma kwa miaka miwili, na hilo si jambo dogo. Kuna watu wa ukoo wangu ninaojua tarehe zao za kuzaliwa na kufa, lakini sijui hata kitabu kimoja walichokipenda.

Mimi pia huandika. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, jambo moja lililonisumbua ni kwamba sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha nimesoma nini. Wenzangu waliomaliza wana vyeti. Mimi nikanunua daftari. Na kwa sababu nilikuwa nimezoea kupewa alama, nikaanza kuzigawa: hiki nne juu ya tano, hiki tatu na nusu, hiki mbili, pole. Juzi nimelipitia daftari hilo na nikashtuka. Kuna vitabu nilivyovipa nne ambavyo sikumbuki hata jina la mhusika mmoja. Alama ipo, kitabu kimeenda. Nikaanza kujiuliza: hii tabia ilitoka wapi? Nani alitufundisha kwamba ukimaliza kitabu, kazi inayofuata ni kukipa namba?

Nilidhani jibu ni intaneti. Kumbe safari ni ndefu zaidi, na inapita mahali ambapo sikutarajia.

* * *

Kuorodhesha vitabu ni kazi ya kale. Katika maktaba ya Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, mshairi Callimachus alitengeneza orodha ya waandishi na kazi zao iliyojaza hati za kukunja 120. Orodha yenyewe imepotea. Tumebaki na vipande na sifa zake. Hiyo iwe tahadhari ya kwanza kwa kila mwenye daftari.

Orodha ambayo haikupotea ni ya Baghdad. Mnamo 987, mtu anayejulikana kama Ibn al-Nadim aliandika kitabu alichokiita al-Fihrist, yaani Orodha. Neno letu fahirisi lina asili moja na jina hilo. Al-Nadim alikuwa mtoto wa muuza vitabu na mwenyewe alikuwa kwenye biashara hiyo, kazi ambayo Baghdad ya wakati ule ilikuwa ni kununua, kunakili kwa mkono na kuuza. Kwa hivyo vitabu vilipita mikononi mwake kila siku. Lengo lake lilikuwa kuandika habari za kila kitabu kilichopatikana kwa Kiarabu, cha Waarabu na cha wageni, katika kila fani: dini, sarufi, historia, ushairi, falsafa, udaktari, hadi uchawi na hadithi za kupitisha usiku.

Kwenye hizo hadithi za usiku ndipo nilipomkuta akifanya kile tunachofanya sisi. Anataja kitabu cha Kiajemi kinachoitwa Hazar Afsan, Ngano Elfu. Anaeleza kisa chake: mfalme anayeoa kila siku na kumuua mke asubuhi, mpaka anapomwoa Shahrazad, ambaye kila usiku anaanza hadithi na kuikata pale patamu. Anasema kina usiku elfu lakini hadithi zenyewe hazifiki mia mbili. Anasema amekiona kizima zaidi ya mara moja. Halafu anatoa hukumu yake: kitabu hafifu, masimulizi yamepoa.

Kwa lugha ya leo, al-Nadim alikipa nyota moja. Na kitabu chenyewe ni kile kilichozaa Alfu Lela Ulela.

Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilicheka peke yangu. Hizo hadithi zimezunguka dunia nzima, zimefika pwani yetu, zimesimuliwa barazani Lamu na Zanzibar, zimefanywa filamu na katuni, na mtu wa kwanza kuzitathmini ambaye sauti yake tunaisikia vizuri anasema hazina ladha. Lakini kicheko kiliisha nilipogundua jambo la pili. Hazar Afsan hakipo tena. Kile cha Kiajemi kimepotea chote. Baghdad yenyewe ilivamiwa na Wamongolia mwaka 1258, na vitabu vingi alivyovitaja al-Nadim tunavijua kwa majina tu, kwa sababu yeye aliyataja. Tunachojua kuhusu Hazar Afsan, sehemu kubwa tunakijua kupitia huyu mtu ambaye hakukipenda.

Hakukipenda, lakini alikiandika: kinahusu nini, kina ukubwa gani, kimetoka kwa nani, na kwamba yeye mwenyewe alikiona. Hukumu yake ilikuwa mstari mmoja mwishoni mwa maelezo mengi. Fikiria kama angeweka nyota moja na kwenda zake. Leo tungekuwa na nyota, na hatungejua ni ya nini.

* * *

Zaidi ya miaka mia moja kabla ya al-Nadim kuandika, upande wa Wakristo, kulikuwa na msomaji mwingine wa aina hiyo. Photius, msomi wa karne ya 9 aliyekuja kuwa Patriaki wa Konstantinopoli, aliandaliwa kwenda safari ya kibalozi. Ndugu yake Tarasius alimwomba amwandikie muhtasari wa vitabu vilivyosomwa wakati yeye hakuwepo. Photius akaandika. Hakuacha mpaka akafikisha takriban sehemu 280, baadhi mistari michache, nyingine kurasa kwa kurasa.

Ukizisoma unaona kabisa ni mtu anayemwandikia ndugu yake. Anasema hiki nimekisoma, kinahusu hili, lugha yake ni safi, huyu anazunguka sana, huyu anafaa kwa vijana, huyu hafai. Kuhusu riwaya ya mapenzi ya Achilles Tatius, alisifu mtindo na akalaani maudhui: ameandika vizuri, lakini mambo anayoandika ni ya aibu. Hebu jaribu kuweka hiyo kwenye nyota. Tano za mtindo na sifuri ya adabu, ukigawanya unapata mbili na nusu, na mbili na nusu si maoni ya Photius hata kidogo. Ni maoni ya mtu mwingine ambaye hayupo, mtu aliyeona kitabu cha kawaida tu.

Na kama ilivyo kwa al-Nadim, vitabu vingi alivyovisoma Photius vimepotea. Ctesias, daktari Mgiriki aliyeishi kwenye kasri la mfalme wa Uajemi, aliandika historia ya Uajemi na kitabu kuhusu India. Vyote viwili tunavifahamu hasa kwa muhtasari wa Photius. Yaani daftari la msomaji limeishi kuliko kitabu. Ndugu mmoja alikosa vikao vya kusoma, mwingine akamwandikia, na miaka zaidi ya elfu moja baadaye ndiyo njia yetu ya kufika huko.

Kufikia hapa nilianza kutenganisha mambo mawili ambayo daftari langu lilikuwa limeyachanganya. Kuna kuweka kumbukumbu ya ulichosoma, na kuna kukipa alama. La kwanza ni la kale sana. La pili, kwa namna tunavyolijua sisi, ni la juzi.

* * *

Nyota hazikuanzia kwenye vitabu. Zilianzia kwenye utalii.

Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya Napoleon vilipokwisha, Waingereza wengi walianza tena kusafiri Ulaya. Mwanamke mmoja Mwingereza, Mariana Starke, aliwaandikia vitabu vya mwongozo, na kile cha 1820 kilichapishwa London na John Murray. Alijua msafiri hana muda wa kusoma aya tatu mbele ya kila picha. Kwa hivyo alitumia alama za mshangao. Mchoro mzuri, alama moja. Mzuri zaidi, mbili, tatu, hadi nne au tano. Ukifika Florence umechoka, unatafuta penye mishangao mingi, unatazama hapo, unaenda kula.

Murray aliendeleza biashara ya vitabu vya mwongozo, na Mjerumani Karl Baedeker akaanza kutumia nyota katika vitabu vyake kwenye miaka ya 1840. Mwaka 1926 kampuni ya magurudumu ya Michelin, Ufaransa, ikaanza kuzipa hoteli na mikahawa nyota kwa ajili ya wenye magari. Ona mfululizo huo: makumbusho, hoteli, chakula. Nyota ilikuwa chombo cha mtu mwenye haraka, aliye ugenini, anayetaka kujua aingie wapi na aruke wapi.

Kwenye fasihi ililetwa na mhariri wa Marekani, Edward O'Brien. Alianzisha mkusanyo wa kila mwaka wa hadithi fupi bora, wa kwanza ukiwa wa mwaka 1915, na ndani yake akaziorodhesha hadithi alizosoma kwenye majarida, akazigawa makundi manne: zisizo na nyota, za nyota moja, mbili na tatu. Miaka kumi na kitu baadaye, tarehe 31 Julai 1928, Irene Thirer wa gazeti la Daily News la New York akazipeleka nyota kwenye filamu. Ya kwanza, The Port of Missing Girls, ikapata moja. Kutoka hapo haikusimama tena.

Sisemi Starke alikosea. Ukiwa na siku mbili Florence, mishangao inakusaidia. Lakini kitabu si sehemu ya kupita ukipiga picha. Unakaa nacho wiki, kinaingia kwenye usingizi wako, unabishana nacho kwenye foleni ya matatu. Kukitolea hukumu kwa chombo cha mtalii ni kama kumwambia rafiki yako ana umri gani wakati ulikuwa umeulizwa ni mtu wa namna gani.

Charles Darwin, kwa mfano, hakutoa nyota. Kuanzia 1838 hadi 1860 aliweka madaftari ya vitabu alivyotaka kusoma na vitabu alivyokwisha kusoma. Vitabu kwake vilikuwa vifaa vya kazi. Mtoto wake Francis anasimulia kwamba kitabu kikiwa kizito alikikata katikati kiwe rahisi kushika. Alipomaliza kitabu bila kuona sehemu ya kuwekea alama, aliandika sifuri nyuma. Kingine angeandika kwamba amekipitia juujuu tu, au hajakisoma. Hiyo sifuri nimeipenda sana. Haikusema kitabu ni kibaya. Ilisema: mimi, kwa kazi niliyonayo sasa, sikupata kitu humu. Ni rekodi ya mkutano kati ya mtu mmoja na kitabu kimoja, na wala haidai zaidi ya hapo.

* * *

Sasa, kuna watu ambao alama zao haziishii kwenye daftari.

Mwaka 1772 mfalme Qianlong wa Uchina aliagiza vitabu vya nchi nzima vikusanywe. Wasomi wake waliandika maelezo ya vitabu zaidi ya 10,000. Takriban 3,500 vikapita mtihani, vikanakiliwa kwa mkono na kuwekwa kwenye maktaba ya kifalme. Vingine vikabaki kwenye orodha kwa jina na maelezo tu. Na kundi la tatu, zaidi ya vitabu 2,000, vilivyoonekana kuidharau nasaba yake, vikapigwa marufuku na kuteketezwa popote vilipopatikana. Huo pia ulikuwa mfumo wa kutathmini vitabu, na ulikuwa wa ngazi tatu: nakili, taja, choma. Ukusanyaji uleule ulioviokoa vingine ndio uliorahisisha kujua ni vipi vya kuua.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kile ambacho msomaji wangu alikiandikia "uchungu", kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku kwenye shule za Tanzania, na baadaye kikaja kuwa kitabu cha kufundishwa. Kitabu ni kilekile, maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni aliyeshika kalamu nyekundu. Na hapa kwetu, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari ma Njirũũngi, ilitoka kwa Kikuyu mwaka 1986. Mwaka uliofuata askari wakaizoa madukani. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia kwamba serikali ilikuwa imesikia kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka akiuliza maswali, ikataka akamatwe, ndipo ikagundua ni mhusika wa kitabu. Sijawahi kuona tathmini nzuri kuliko hiyo: mhusika ameandikwa vizuri hadi anatafutwa na polisi.

Lakini ndani ya kicheko kuna kitu. Yeyote mwenye nguvu ya kuamua kitabu gani kinafaa, ana nguvu ya kuamua nini kitakumbukwa. Na ndiyo sababu daftari la mtu asiye na nguvu yoyote, kama yule wa kalamu ya buluu, lina uzito. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mtu mmoja akisema: hiki nilikisoma, Juni 1995, na kilinifanya hivi.

Pwani wanalijua jambo hili siku nyingi. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambazo sasa zimepigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali, nyingi zina maandishi ya waliozimiliki na waliozitoa wakfu. Kitabu kilipita mkono hadi mkono na kila mkono ukaacha alama. Na mfano mkubwa zaidi ni Mombasa. Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuacha diwani. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, akayakusanya kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na kwa kushirikiana na mmisionari W. E. Taylor yakawekewa maelezo. Karatasi hizo zikaenda London. Mwaka 1940, William Hichens akazitoa kama Diwani ya Muyaka.

Miaka mia moja kutoka kifo cha mshairi hadi kitabu chake, na daraja lililounganisha ni mtu aliyependa mashairi ya mwenzake kiasi cha kukaa chini akayaandika. Sikujua angeweza kusema tu kwamba Muyaka alikuwa hodari. Mombasa nzima ilikuwa inajua hivyo. Ingesaidia nini?

* * *

Turudi kwenye simu zetu. LibraryThing ilianza 2005. Goodreads ikaanzishwa na Otis Chandler na Elizabeth Khuri Chandler, ikafunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 2007, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Amazon, kampuni iliyoanza kwa kuuza vitabu. Daftari la msomaji likawa mali ya muuzaji. Al-Nadim naye alikuwa muuza vitabu, ni kweli, lakini daftari lilikuwa lake mwenyewe.

Tatizo la kwanza la nyota za mtandaoni ni hesabu tu. Kitabu cha kwanza kimesomwa na watu kumi, watano wakakipa tano na watano wakakipa moja. Cha pili kimesomwa na watu kumi, wote wakakipa tatu. Wastani wa vyote viwili ni tatu kamili. Cha kwanza kimegombanisha watu, kimewachoma wengine na kuwaokoa wengine. Cha pili hakuna aliyekijali. Kwenye skrini ni mapacha.

Tatizo la pili ni kwamba nyota hazihitaji kusoma. Mwezi Juni 2023, mwandishi Elizabeth Gilbert alitangaza riwaya mpya ambayo hadithi yake imewekwa Siberia. Wasomaji wengi, hasa wa Ukraine, waliona si wakati wa kutukuza Urusi, na kitabu kikamiminiwa nyota moja moja kabla hakijachapishwa. Gilbert akakiondoa kwenye ratiba. Unaweza kuwaunga mkono walioandamana. Hasira yao ilikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa vita. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amesoma kile kitabu. Nyota ilikuwa imegeuka kura.

Tatizo la tatu ni letu. Tafuta riwaya za Kiswahili kwenye mitandao hiyo. Mara nyingi utakuta ukurasa hauna hata picha ya jalada, na tathmini ni za kuhesabu kwa vidole. Zikiwepo, nyingi zinanusa darasa: mtu alilazimishwa kusoma kwa ajili ya KCSE, akaulizwa maswali ya mbinu rejeshi hadi akachoka, na sasa analipiza. Simlaumu. Sisi tumejifunza kusoma chini ya kalamu nyekundu. Kitabu teule unakutana nacho tayari kikiwa adui, na siku ukipewa nafasi ya kukipa alama, unakirudishia zile ulizopewa wewe.

Matokeo yake ni kwamba mtu wa kesho, mtoto wa Kitale au wa Toronto anayetaka kujua Waswahili walikuwa wanasoma nini mwanzoni mwa karne hii na kilikuwa kinawafanyia nini, atakuta ukimya na nyota mbili. Tuna vitabu. Tunavisoma, tunaazimana, tunatumiana picha za kurasa kwenye WhatsApp, tunabishana usiku. Kisha hatuandiki popote.

Kuna majaribio ya kutengeneza kitu bora. StoryGraph, iliyoanzishwa na Nadia Odunayo wa Uingereza, inaruhusu robo nyota, na inakuuliza pia kitabu kina hali gani, cha huzuni au cha kuchekesha, kinaenda mbio au polepole. Ni hatua. Lakini robo nyota bado ni nyota. Kukata mshangao wa Mariana Starke vipande vinne hakuufanyi uwe sentensi.

* * *

Kwa hivyo nimeacha kutoa alama. Sijasema kwamba wewe uache. Yule wa kalamu ya buluu alizitoa, na kuna raha fulani kuona My Life in Crime imepata kumi kwa kumi huku Achebe akitoka na sita yake. Ila ukiangalia vizuri, kinachofanya orodha ile iwe hai si namba. Ni maneno mawili matatu yanayozifuata. "Tulilazimishwa." "Huyu anajua mtaa." Ukizifuta namba, mtu bado yupo. Ukiyafuta maneno, inabaki karatasi ya matokeo ya mwanafunzi asiye na jina.

Siku hizi naandika vitu vinne: jina la kitabu, mwezi, nilikipata wapi, na sentensi moja ambayo nisingeweza kuiandika kuhusu kitabu kingine. Hiyo ya nne ni ngumu balaa. Huwezi kuandika "kitabu kizuri, kinafunza", kwa sababu hiyo inafaa vitabu elfu. Inabidi urudi ndani utafute. Mara nyingine nakaa dakika ishirini na kalamu. Mara nyingine naandika sifuri ya Darwin, na sioni haya.

Siku Njema nilikwenda nikakitafuta kwa sababu yake. Nilitaka kujua kwa nini hakukipa alama. Labda hakukimaliza. Labda nafasi iliisha, maana ni mstari wa mwisho kabisa chini ya jalada. Labda aliuza vitabu vyake Aprili hiyo kulipa kodi ya nyumba. Nairobi haijabadilika sana. Nilikisoma siku tatu. Ni kile cha Ken Walibora cha kijana Kongowea Mswahili anayetoka Tanga kumtafuta baba yake asiyemjua, na mimi nilikuwa nimeingia nikitafuta mtu nisiyemjua, kwa hivyo huenda nilikisoma vibaya.

Nilipomaliza, nilifungua nyuma ya Utengano. Kulikuwa na nafasi ndogo pembeni, mahali pa mstari mmoja kwa mwandiko wa kubana. Nikaandika mwezi, mwaka, na maneno matatu: "Nimekimalizia. Kinastahili kumalizwa." Siku moja kitabu hiki kitarudi chini pale Tom Mboya, kwa sababu kodi yangu nayo ipo. Atakayeinama kukiokota, namwomba asiombe kupunguziwa bei.